Kulimbika: Ustadi wa Kupata Alama katika Michezo ya Mashine ya Kufyatua, na Maneno Yake kwa Kiswahili

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi mabingwa wa michezo ya mashine ya kufyatua risasi wanavyojipatia alama nyingi, na kutafuta ni maneno gani ya Kiswahili yafaayo kuutaja ustadi wao. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa jarida la wachunguzi wa lugha. Lakini tangu ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki, mwaka 1930, kazi ya kusanifu maneno haikuwa ya mambo ya serikali na shule peke yake. Lugha hukua pale watu wanapoitumia, na watu hucheza kama wanavyofanya kazi.

Mji wa Same uko mkoani Kilimanjaro, chini ya milima ya Upare ya Kusini, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Huko, kama katika miji mingine ya Tanzania, simu za mkononi zimewaletea vijana michezo ambayo zamani ilichezwa kwa sarafu, katika mashine kubwa mfano wa kabati. Kijana akishinda husema, “Nimewaua wote”, akishindwa husema, “Nimekufa.” Maneno hayo mawili yamtosha anayeanza. Hayamtoshi bingwa, maana bingwa mara nyingi hupata alama zake kwa kutoua, na pengine kwa kufa kwa makusudi. Lugha isiyo na neno la kulitaja jambo hilo itawafanya bingwa na mwanafunzi waonekane kuwa sawa, na ustadi wa mmoja utapotea katika maneno ya mwingine. Hapo ndipo penye haja ya uchunguzi huu.

Mchezo wenyewe

Katika mchezo wa namna hii mchezaji huongoza chombo kimoja, ambacho kwa kawaida ni ndege au chombo cha angani. Adui huja kwa makundi, nao hutupa risasi. Mchezaji huziepa risasi zao na kuwafyatulia zake. Kila adui apigwaye huleta alama kadhaa, na jumla ya alama huandikwa juu ya kioo. Mchezaji hupewa roho chache, mara nyingi 3. Zikiisha, mchezo umekwisha, na akitaka kuendelea hana budi kutia sarafu nyingine.

Twasema “roho” kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kulitayarisha neno hilo. Husemwa kwamba paka ana roho saba, na hakuna msikiaji anayeshangaa kwamba kiumbe kimoja chaweza kuwa na roho zaidi ya moja. Neno “maisha” halifai vizuri hapa, kwa sababu maisha hayahesabiki kwa urahisi: ni vigumu kusema “maisha moja” au “maisha mawili” bila ulimi kukwama.

Mchezo uliozifanya mashine hizi zijulikane dunia nzima ni Space Invaders, uliotolewa Japani mwaka 1978 na kampuni ya Taito. Mtengenezaji wake ni Tomohiro Nishikado. Humo adui 55 hushuka polepole wakiwa katika safu 5, na kila safu ina adui 11. Safu mbili za chini huleta alama 10 kwa kila adui, mbili za katikati alama 20, na ile ya juu alama 30. Basi anayewamaliza wote hupata alama 990, wala hapati zaidi. Kama mambo yangaliishia hapo, tofauti baina ya mchezaji na mchezaji ingalikuwa ni kuishi muda mrefu tu.

Lakini mara kwa mara chombo cha ajabu hupita juu ya safu zote, nacho huleta alama 50, au 100, au 150, au 300. Wengi walidhani kwamba thamani yake ni bahati nasibu. Waliochunguza waligundua kwamba mashine yahesabu risasi za mchezaji: chombo kile kikipigwa kwa risasi ya 23 tangu mwanzo, na baada ya hapo kwa kila risasi ya 15, huleta alama 300. Tangu siku hiyo mchezo ulikuwa mwingine. Bingwa hakufyatua tena kwa sababu adui yupo. Alifyatua, au alijizuia, kwa sababu ya hesabu. Risasi iliyotupwa hewani bila kumpiga mtu ilikuwa na maana, na risasi iliyopiga adui kabla ya wakati wake ilikuwa ni hasara.

Katika mchezo huo huo palikuwa na hila nyingine, ambayo Wajapani waliipa jina la mji wa Nagoya. Mchezaji huwaacha adui washuke hata wafike safu ya mwisho kabisa, hatua moja tu kabla ya kutua na kumshinda. Mashine ilikuwa na kasoro: adui akiwa katika safu hiyo, risasi zake hazimdhuru mchezaji aliye chini yake. Kwa hiyo mahali palipokuwa na hatari kubwa kuliko pote palikuwa pia mahali pa salama, lakini kwa mtu mwenye moyo wa kungoja na mkono wa kufanya haraka wakati ukifika. Tayari twaona mwanzo wa jambo tunalolitafuta.

Thamani ya adui na wakati wake

Mwaka 1981 kampuni ya Namco ilitoa mchezo uitwao Galaga, nao uliiweka wazi kanuni ambayo katika Space Invaders ilikuwa imefichika: thamani ya adui haimo katika adui mwenyewe, bali katika wakati wa kumpiga. Katika mchezo huo adui mkuu akipigwa huku ametulia katika safu huleta alama 150. Akipigwa anaposhuka kushambulia peke yake huleta 400. Akishuka pamoja na msindikizaji mmoja huleta 800, na akishuka na wasindikizaji wawili huleta 1,600. Anayeanza humpiga adui huyo mapema, maana ametulia na ni rahisi kumlenga. Bingwa humwacha. Humngojea ashuke na watu wake, akaribie, awe hatari; ndipo humpiga, na alama anazozipata ni zaidi ya mara 10 ya zile za mwanzo.

Galaga una jambo la pili litakalotusaidia. Adui mkuu aweza kukiteka chombo cha mchezaji kwa mwali wa mwanga na kukichukua juu. Mchezaji hupoteza roho moja. Lakini akiwa na roho nyingine, na akampiga mteka nyara huyo anaposhuka, bila kukipiga chombo kilichotekwa, chombo hicho humrudia, na vyombo viwili husimama bega kwa bega na kufyatua pamoja. Basi yuko mchezaji ambaye hujitia katika mwali ule kwa hiari yake. Je, tuseme kwamba amekufa? Au ameuawa? Maneno hayo hayasemi kweli. Ametoa kafara: amekitoa kilicho chake kwa kutumaini kupata kilicho kikubwa zaidi.

Mkufu

Katika miaka ya 1990 michezo hii ilibadilika sura. Risasi za adui ziliongezeka hata zikajaza kioo kizima. Wajapani waliita jambo hilo “danmaku”, maana yake pazia la risasi, na tafsiri hiyo ya Kiswahili yafaa bila marekebisho. Ili mchezaji aweze kupita, watengenezaji walikipunguza kiini cha chombo: chombo chaonekana kikubwa machoni, lakini mahali pake panapoweza kudhuriwa ni padogo, labda nukta chache katikati. Risasi ikigusa bawa si kitu. Ikigusa kiini, roho imekwenda.

Kampuni ya Cave, iliyoanzishwa mwaka 1994 na watu waliotoka katika kampuni ya Toaplan baada ya kufilisika, ndiyo iliyopata sifa kubwa katika michezo ya pazia la risasi. Mchezo wake wa DoDonPachi, wa mwaka 1997, una kanuni hii: adui akipigwa, kipimo kidogo hujaa na kuanza kupungua upesi. Adui mwingine akipigwa kabla kipimo hakijaisha, yule wa pili huungwa na wa kwanza, na alama zake huongezeka. Wa tatu huungwa na wa pili, na kuendelea. Kipimo kikiisha, uzi umekatika, na hesabu huanza upya. Bingwa hutaka kuunga adui tangu mwanzo wa sehemu hata mwisho wake pasipo kukatika hata mara moja. Kwa ajili hiyo hana budi kujua ni adui yupi wa kumwacha kidogo ili awe daraja la kumfikisha kwa kundi lijalo, na ni adui yupi mkubwa wa kumgusa polepole kwa mwali ili kipimo kisiishe palipo pakavu.

Tuliiteje jambo hili? Tafsiri ya neno kwa neno itatupeleka kwenye “mnyororo”, lakini mnyororo katika masikio yetu ni wa kufungia: ni wa mtumwa, wa mfungwa na wa mbwa. Ushairi wetu una neno bora zaidi. Shairi ambalo maneno ya mwisho wa ubeti hurudiwa mwanzoni mwa ubeti ufuatao huitwa pindu, na wengine huliita mkufu. Mkufu ni pambo. Kila pete yake hushika iliyotangulia, na ikikatika moja pambo lote limeharibika. Malenga atungaye pindu hawezi kumaliza ubeti bila kufikiri juu ya ubeti ujao, maana mwisho wa huu ni mwanzo wa ule. Mchezaji wa DoDonPachi yumo katika hali hiyo hiyo. Kwa hiyo twapendekeza “mkufu”, na vitendo vyake viwe “kuunga mkufu” na “kukata mkufu”.

Mfano wa pili wa mkufu, ulio rahisi zaidi kueleza kwa tarakimu, ni mchezo wa Ikaruga, uliotolewa na kampuni ya Treasure mwaka 2001. Adui wote ni wa rangi mbili, weupe na weusi. Mchezaji akiwapiga watatu wa rangi moja wakifuatana, amepata pete moja ya mkufu, na alama 100. Pete ya pili huleta 200, ya tatu 400, na kila moja huwa maradufu ya iliyotangulia hata kufika 25,600, ambapo huacha kuongezeka. Basi adui mmoja wa rangi isiyotakiwa, akipigwa kwa pupa, aweza kumrudisha mchezaji kutoka 25,600 hata 100. Tena chombo chenyewe chaweza kubadili rangi, na risasi za rangi yake hazikidhuru bali hukiingia na kumwongezea alama. Mtengenezaji aliweka hata daraja maalumu kwa mtu amalizaye sehemu bila kufyatua risasi yo yote. Katika mchezo wa kufyatua, kutofyatua kumepewa cheo.

Ukali wa mashine na kafara

Jambo la mwisho katika maelezo haya ndilo gumu kuliko yote. Mwaka 1996 kampuni ya Raizing ilitoa mchezo wa Battle Garegga, uliotengenezwa na Shinobu Yagawa. Ndani ya mashine hiyo mna kipimo kisichoonyeshwa juu ya kioo. Mchezaji akifyatua sana, kipimo hupanda. Akiokota silaha na nyongeza nyingine, hupanda. Na kipimo kikipanda, adui huwa wagumu, na risasi zao huwa nyingi na za mwendo wa kasi. Kwa maneno mengine, mashine humwadhibu mchezaji kwa nguvu zake mwenyewe. Anayeanza huokota kila anachokiona akidhani ya kuwa anajiimarisha, kumbe anaichochea mashine. Katikati ya safari hujikuta mbele ya pazia lisilopenyeka, wala hajui kwamba amelifuma mwenyewe.

Kipimo hicho twapendekeza kukiita “ukali”: mashine imekuwa kali, ukali umepanda, ukali umeshuka. Njia kubwa ya kuushusha ni mchezaji kupoteza roho, na kadiri roho zilizobaki zilivyo chache, ndivyo ukali unavyoshuka zaidi. Kwa hiyo bingwa hujiua mara kwa mara, lakini si kwa kubahatisha. Huchagua mahali na saa. Na kwa kuwa mashine humpa roho mpya kwa kila alama 1,000,000, kama ilivyopangwa kwa kawaida, alama ndizo zinazonunua roho, roho ndizo zinazotuliza ukali, na utulivu ndio unaompa nafasi ya kutafuta alama nyingine. Hapo alama si mapambo ya mchezo tena. Ndizo mtaji wake, kama fedha ya mchuuzi ambayo hutoka mkononi ili irudi na faida.

Ndiva na nyumba

Sasa twaweza kuuliza: ni nini kilicho sawa katika hila hizi zote? Mwenye kuhesabu risasi, mwenye kungoja adui ashuke na wasindikizaji, mwenye kumwacha adui ili aunge mkufu, mwenye kutoa roho kwa wakati wake: wote wanakataa faida iliyo karibu ili wapate iliyo mbali, nao wakati wa kungoja wamo hatarini. Kiswahili kina kitenzi kwa jambo hilo, nacho ni “kulimbika”. Kulimbika ni kuweka kidogo kidogo. Tena ni kungojea kitu kijae kabla ya kukitumia, kama mtu angojeavyo maji ya kisima yajikusanye kabla ya kuteka.

Watu wa Upare hawahitaji kufundishwa maana yake, kwa kuwa wameijenga kwa mawe na udongo. Nchi ya chini, upande wa Same, ni kavu, na mito ishukayo kutoka milimani ina maji machache wakati wa kiangazi. Mtu akiyaelekeza maji hayo machache moja kwa moja shambani, hunywewa na ardhi ya mfereji kabla hayajafika. Kwa hiyo Wapare walijenga mabwawa madogo yaitwayo kwa lugha yao ndiva. Usiku ndiva hufungwa na maji hujikusanya. Mchana hufunguliwa, na maji hushuka kwa nguvu hata kufika mashamba ya mbali, kila mwenye zamu akipata sehemu yake. Maji ni yale yale yaliyokuwa mtoni. Kilichoongezeka ni subira na mpango. Anayefungua mapema hupata tope. Anayechelewa mno hukuta ndiva imefurika na maji yamepotea bure.

Mchezo wa bao nao una ndiva yake. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji ana shimo moja liitwalo nyumba. Mwanzoni nyumba ina kete 6, na kete 22 zimo mkononi mwa mchezaji, naye huzinamua moja moja. Katika hatua hiyo, mchezaji aliyekula akaishia katika nyumba yake mwenyewe ana hiari. Aweza kulala, yaani kuacha hapo na kuiacha nyumba izidi kujaa; au aweza kusafiri, yaani kuzichukua kete zote zilizomo na kuzitia shimo kwa shimo kuzunguka upande wake. Nyumba iliyojaa ni nguvu kubwa, lakini pia ni chambo: mpinzani akiweza kuila, amekula akiba yote. Fundi wa bao hujulikana kwa kujua ni lini alale na ni lini asafiri.

Maneno haya mawili, kulala na kusafiri, yafaa sana katika michezo ya mashine. Mchezaji aliyelimbika bomu zake, roho zake au nguvu ya mkufu wake bado amelala. Akizitoa zote kwa pamoja ili avune alama, amesafiri. Mtazamaji wa Same aliyewahi kuketi kando ya ubao wa bao ataelewa mara moja, wala hatahitaji kufundishwa lugha ya kigeni kwanza.

Tofauti zisizofaa kusahauliwa

Hata hivyo haifai kudai kwamba bao na mchezo wa mashine ni kitu kimoja. Kwanza, bao ni la watu wawili, na mpinzani hufikiri. Mtafiti Alexander de Voogt, aliyechapisha mwaka 1995 uchunguzi wake juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar, alishughulika hasa na uwezo wa akili wa kuona mbele katika mchezo ambao kila hatua hubadili ubao mzima. Mashine kwa kawaida haifikiri hivyo: adui wake hutokea pale pale na kwa saa ile ile, ingawa michezo mingine huchanganya na bahati. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ustadi wa mashine ni kuhifadhi. Twatumia neno hilo kwa makusudi, kama litumikavyo chuoni: mchezaji huishika njia nzima kwa moyo, tangu mwanzo hata mwisho, kisha huisoma kwa mkono wake pasipo kusitasita.

Pili, bao halina jumla ya alama. Mmoja hushinda na mwingine hushindwa, basi. Ajabu ni kwamba lugha yenyewe imekwisha kulipeleka neno hilo kwenye hesabu: katika mpira wa miguu twasema timu imefunga mabao 2, na mtu aliyezidiwa na mwenziwe husemwa kwamba amepigwa bao. Lakini mwenye mashine hashindani na aliye mbele yake. Hushindana na jumla iliyoandikwa na mtu mwingine, pengine katika nchi ya mbali. Huko Japani jarida la Gamest, lililotolewa tangu 1986 hata 1999, lilichapisha jumla kubwa kabisa za wachezaji, na jina la mtu liliweza kujulikana kwa tarakimu zake tu. Uaminifu wa tarakimu hizo ulilindwa na mashine zenyewe. Katika michezo mingi ya Kijapani, mchezaji anayeendelea kwa sarafu nyingine hurudishiwa alama hadi sifuri, na tarakimu ya mwisho ya jumla yake huonyesha ni mara ngapi ameendelea. Ndiyo maana heshima ya kwanza katika michezo hii ni kumaliza kwa sarafu moja. Kutafuta jumla kubwa huja baadaye.

Tatu, hatuna budi kuyaheshimu maneno ambayo vijana wamekwisha kuyachagua. “Gemu”, “pointi” na “bosi” yamezoeleka, tena hayana madhara. Kuyafukuza ni kupoteza muda. Neno la mkopo lafaa pale linapotaja kitu. Upungufu wake huonekana pale panapotakiwa kutaja tendo na hukumu, yaani si kile kilichofanywa tu, bali kwa nini kilikuwa cha akili. Hapo mkopo hukaa mdomoni bila mizizi, na maneno ya nyumbani hufanya kazi bora zaidi.

Maneno yanayopendekezwa

Alama: thamani apatayo mchezaji kwa kila tendo. Jumla: alama zote za mchezo mmoja.

Roho: nafasi ya kucheza kabla ya kushindwa. Nyongeza ya roho: ile inayotolewa na mashine alama zikifika kiasi kilichowekwa.

Kiini: sehemu ya chombo inayoweza kudhuriwa.

Pazia la risasi: risasi nyingi za adui zilizojaza kioo.

Mkufu: mfululizo wa adui waliopigwa bila kukatika. Kuunga mkufu, kukata mkufu.

Ukali: kiasi cha ugumu ambacho mashine hukipandisha au kukishusha kwa kufuata matendo ya mchezaji.

Kafara: roho iliyotolewa kwa makusudi ili kupata faida. Asiyekusudia hakutoa kafara, amekufa tu.

Kukamua: kumwacha adui mkubwa akiwa hai ili kuendelea kupata alama kutoka kwake. Neno hili lafaa, kwani katika Kiswahili mtu aweza kukamuliwa fedha kama ng'ombe akamuliwavyo maziwa.

Kuhifadhi: kuishika njia nzima ya mchezo kwa moyo.

Kulimbika: kuacha faida ndogo ya sasa ili kuikuza. Kulala: kuendelea kulimbika ingawa nafasi ya kutumia ipo. Kusafiri: kutumia akiba yote mara moja.

Mwisho

Yaliyoelezwa hapa ni mapendekezo, wala si sheria. Wenye bao wa Unguja na Mombasa huenda wana maneno yaliyo bora kuliko haya, na wenye ndiva wa Upare huenda wana kitenzi cha Kipare kilicho karibu zaidi na jambo lenyewe kuliko kulimbika. Twawaomba watuandikie. Ikiwa kijana wa Same, akiulizwa jinsi alivyopata jumla yake, ataweza siku moja kujibu, “Nililimbika hata mkufu ukajaa, nikatoa kafara moja kushusha ukali, kisha nikasafiri,” na babu yake aketiye kando ya ubao wa bao akaelewa nusu ya maneno hayo bila kuelezwa, kazi ya makala haya itakuwa imetimia.